Bwalo Lilipocheka: Kisa cha Filamu ya Mbabe katika Shule ya Bweni, Nyanda za Juu Kusini

## Usuli

Filamu inayozungumziwa hapa imetengenezwa na vijana wa huku huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwa fedha za kuchangishana, bila kampuni yoyote nyuma yao. Inafuata mwaka mmoja wa mvulana wa kidato cha tatu ambaye ndiye mbabe wa bweni lake. Anawanyang'anya wadogo sukari na sabuni, anawatuma maji alfajiri, na akicheka watu wanaangalia chini. Likizo ikifika anarudi nyumbani, na huko ndiye wa chini kabisa: baba yake mdogo anayemlea anamsimanga mbele ya wageni, na chakula anapewa wa mwisho. Kuna msichana anayempenda na hajui amwanzeje. Kuna mwalimu anayemchapa. Mwishoni anasafiri hadi nyumbani kwa mvulana aliyemtesa kuliko wote, anabisha hodi, na filamu inakatikia hapo, mlango haujafunguliwa.

Mbabe ndiye stelingi. Kamera haimwachi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna adui mwingine wa kumchukia badala yake. Ujasiri huo ndio ulionifanya niipende kazi hii, na ndio ulioleta karibu kila tatizo nitakaloeleza.

Shule ni ya bweni, ya wavulana na wasichana, kwenye ukanda wa baridi wa mashamba ya chai na misitu ya misonobari. Jina la shule, la wilaya na la filamu nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadili. Mabweni yanategemea bomba moja lililoko bondeni. Mwezi Juni na Julai maji yake alfajiri yanatia vidole ganzi, na kuyapandisha hadi bwenini ni kazi ya mtu mzima.

Filamu ilikuwa na kibali cha Bodi ya Filamu, kama Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inavyotaka, kwa hiyo upande wa sheria mkuu wa shule hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi wake ulikuwa mwingine. Oktoba 2016 video ya walimu wa mafunzo wakimpiga mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya ilizunguka nchi nzima, na tangu hapo walimu wengi wa mikoa hii wakiona kamera na kiboko kwenye picha moja wanashtuka. Alimuuliza mratibu wa onyesho kama filamu "inawasema walimu". Mratibu akajibu kwamba inamsema kila mtu. Mkuu akacheka, akakubali.

Mimi nilikuwepo kwa kazi moja, kukaa pembeni na kuandika watazamaji wanafanya nini.

## Jioni ya onyesho

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Projekta ilikuwa ya kuazima mjini na ilitakiwa kurudi kesho yake asubuhi. Waandaaji walikuwa wamepanga kuonyesha kidato kimoja kimoja, lakini kwa sababu ya hiyo projekta wakakubali shule nzima iingie bwaloni kwa pamoja. Shule nayo ilipenda hivyo: wanafunzi wote mahali pamoja, walimu wa zamu wachache wanatosha.

Namna walivyokaa ina maana kubwa katika kisa hiki. Hakuna aliyewapanga, ila bwalo lina desturi zake. Kidato cha kwanza walikaa sakafuni mbele, magoti wameyaingiza ndani ya sweta. Kidato cha pili mabenchi ya katikati. Kidato cha tatu na cha nne juu ya meza, nyuma kabisa, viranja wameegemea ukuta. Wasichana kushoto. Walimu kwenye viti karibu na mlango.

Kicheko cha kwanza kilitoka mezani nyuma. Ni tukio la alfajiri. Mvulana mdogo anapanda kilima na ndoo kichwani, mvuke unamtoka mdomoni, anafika bwenini na kuitua miguuni pa mbabe. Mbabe anachovya vidole viwili, anavitazama, kisha anaiinamisha ndoo kwa mguu taratibu mpaka maji yote yanakwisha. Anasema neno moja: "Rudia."

Meza zililipuka. Mtu akaiga sauti ile ile, "Rudia!", bwalo likacheka upya. Hata wadogo wa mbele walicheka, lakini wao walicheka wamegeuza shingo, macho yako nyuma kwa wakubwa. Walimu wawili watatu walitabasamu. Hakuna aliyesimama.

Baadaye linakuja tukio la viboko. Mwalimu anamchapa mbabe mstarini, mbele ya shule. Bwalo likaanza kuhesabu kwa pamoja: moja, mbili, tatu, nne. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, viwe kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Wanafunzi wengi wanaijua hiyo nne. Walipofika tano sauti ikapanda. Sita, ikapanda zaidi. Hapo ndipo mwalimu wa nidhamu alipoinuka, akamfuata mratibu kwenye projekta, akamwambia kwa sauti ya chini iliyojaa hasira: "Zima hiyo. Mnawafundisha dharau."

Mratibu alimjibu, "Mwalimu, naomba tufike mwisho. Tukizima hapa watabaki na ndoo na viboko peke yake, ya nyumbani hawatayaona." Mwalimu alirudi kukaa, mikono ameifunga kifuani. Filamu ikaendelea.

Ya nyumbani yalipofika, kwa mara ya kwanza bwalo lilitulia lote. Wageni wamekaa sebuleni, mbabe anazunguka na jagi na beseni akiwanawisha mmoja mmoja. Baba mdogo anasema, kama mtu anayesema habari za mvua, "Huyu hata akisoma, ataishia kubeba mbao." Wageni wanacheka. Kijana anaendelea kumimina, hamwagi hata tone. Meza za nyuma zilikuwa kimya. Kuna mtu alisema "duh", basi.

Filamu ilipokatika mlangoni, kelele zikaanza: "Imeisha?" "Sehemu ya pili iko wapi?" "Kwa hiyo hajafukuzwa?" Msichana mmoja alisimama kabisa akasema, "Mimi nisingefungua." Mwenzake akamjibu, "Mimi ningefungua, ila angenieleza akiwa nje." Upande wa wavulana wakaingia, wengine wakisema mama yake yule mdogo ndiye angefungua, na mama akifungua utafanyaje. Ulikuwa mjadala wa kweli, wa watu waliosahau kwamba walimu wapo.

## Swali na mkono ulioshuka

Mratibu alikuwa na maswali yake kwenye karatasi. Aliomba utulivu, bwalo likatulia, akauliza la kwanza: "Nani hapa amewahi kuonewa?"

Kimya. Kisha mbele, sakafuni, njuka mmoja, mgeni wa kidato cha kwanza, akanyoosha mkono hadi usawa wa sikio. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Rudia!" Bwalo zima likaangua kicheko. Mkono ukashuka.

Naamini huo ndio wakati mzito kuliko wote jioni ile. Mtoto yule alikuwa ameiamini filamu. Alikuwa ameona kwamba jambo lake linaweza kusemwa mbele za watu, akalisema kwa njia pekee aliyopewa, na ndani ya sekunde kadhaa akajibiwa kwa neno la filamu hiyo hiyo.

Aliyeokoa hali ni mwalimu wa malezi na unasihi. Hakumtaja mtoto wala hakumtafuta aliyepiga kelele. Alisimama akatangaza kwamba kila mwanafunzi atapewa karatasi na kila mmoja ataandika, bila jina, mpaka atakaposema basi. Asiye na la kuandika juu ya filamu au juu yake mwenyewe aandike alichokula tangu asubuhi. "Nataka kalamu zote zitembee," alisema. Karatasi zilikunjwa mara mbili na kukusanywa kwenye boksi la chaki, na boksi alilibeba yeye mwenyewe.

Nilimuuliza baadaye kwa nini alitaka hata habari za chakula ziandikwe. Alisema mtu akiandika ukurasa mzima wakati jirani yake kalamu imelala, tayari amejulikana.

## Boksi la chaki

Kesho yake mkuu wa shule aliomba karatasi. Alikuwa na nia njema: alitaka kujua nani anaonea nani ili achukue hatua kabla ya Jumatatu. Mwalimu wa malezi alikataa kumpa. Hati ya mkono inajulikana, alisema, na watoto waliahidiwa kutokujulikana. Walikubaliana kwamba yeye na mratibu watazisoma, mkuu atapewa muhtasari, na likionekana la hatari litatoka nje ya shule kwa njia inayofaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Karatasi moja ilipelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Zaidi ya hapo sitaieleza.

Zilizobaki zilionyesha jambo ambalo hakuna swali la mratibu lingelitoa. Wengi waliandika mahali na saa badala ya watu: bombani, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati mwalimu wa zamu hajaamka. Kumbe ubabe wa shule ile ulikuwa na anwani. Wasichana waliandika zaidi juu ya kutengwa na kusemwa kuliko kupigwa. Baadhi ya karatasi ziliwahusu walimu.

Na kutoka kwa wakubwa ilijirudia hoja moja kwa maneno tofauti: mimi nilibebeshwa maji nikiwa njuka na sikufa, kwa nini wao wasibebe? Hawa wamemwelewa mbabe vizuri sana. Filamu iliwaonyesha ubabe unavyorithiwa, nao wakaitika kwamba ndivyo ulivyo na ndivyo uendelee.

## Wazazi, kisha kibanda umiza

Wiki iliyofuata filamu ilionyeshwa kwa wazazi kwenye ukumbi wa parokia. Pale hakuna aliyecheka ndoo. Kwenye viboko kuna mzee aliyetikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye beseni na jagi ukumbi ulikuwa kama haupo.

Katika mazungumzo, mzee huyo alisema kizazi chake kilichapwa na kimekuwa watu. Wengi waliitikia. Baba mwingine alilalamika kwamba filamu inazivunjia familia heshima mbele ya watoto wao, na lalamiko lake lina uzito: mtoto aliyetoka kuonyeshwa kwamba ubabe unaanzia nyumbani ana silaha mpya mezani. Kisha mama mmoja wa makamo akasimama, akasalimia "Kamwene", akaitikiwa, akasema: "Mnauliza huyu mtoto kayatoa wapi. Si tumeonyeshwa? Wa kwangu akirudi likizo nampokea na jembe na kelele. Sijawahi hata siku moja kumuuliza huko analala vipi." Aliketi. Mzee hakumjibu.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba katika ukumbi ule wa parokia, wengi wa waliokuwa wanamjadili kijana wa kwenye filamu walikuwa wanajijadili wenyewe, na mama yule ndiye aliyethubutu kulisema.

Mwanjelwa, jijini Mbeya, filamu iliingia kibanda umiza, yaani kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video kwa kiingilio, na huko mambo yalikuwa mepesi. Watazamaji wa vibanda wamelelewa na watafsiri wa mtindo wa Lufufu, wanaosimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya picha, wanajua kuongea na kioo. Kijana mmoja aliyekaa karibu na spika alijipa kazi ya kutafsiri filamu ambayo tayari ni ya Kiswahili, akampa mbabe jina la utani, akamwonya kabla hajakosea. Mwisho wa filamu waliukataa wote, wapo waliodai warudishiwe hela. "Rudia" ilipigiwa kelele kuliko shuleni, na haikumuumiza mtu.

## Matokeo

Shuleni, neno "Rudia" lilibaki. Kwa muda baada ya onyesho lilikuwa la kejeli bwenini, bwaloni, hata darasani mtu akikosea hesabu. Filamu iliyotengenezwa kuushtaki ubabe iliwapa wababe msemo ambao hawakuwa nao. Ulikuja kufifia wenyewe, kama misemo ya shule inavyofifia, lakini kuna watoto waliolala nao.

Ratiba ya maji ilibadilishwa. Kila kidato sasa kinajichotea, na mwalimu wa zamu anakuwa bombani muda wa kuchota. Ni badiliko dogo, halikuhitaji fedha, na mwalimu wa malezi anasema malalamiko ya alfajiri yamepungua sana.

Kiranja mmoja wa bweni alivuliwa cheo baada ya uchunguzi wa kawaida wa shule, bila karatasi kutumika. Wenzake wanaona ameonewa, kwamba alifanya waliyofanya wote waliomtangulia. Nimezungumza naye. Aliitazama filamu yote, na sehemu aliyoikumbuka kwa undani ni ile ya kunawisha wageni. Hilo halikumwondolea adhabu, wala sidhani lilipaswa kumwondolea.

Njuka aliyenyoosha mkono hakuitwa ofisini. Mwalimu wa malezi alimpa kazi ya kupanga vitabu maktaba pamoja na wengine, ili apate kuzungumza naye bila kuonekana ameitwa. Yuko shuleni, anasoma.

## Uchambuzi

Kicheko cha tukio la ndoo kilikuwa vicheko vitatu kwa wakati mmoja. Wakubwa walicheka kwa kujitambua upande wa wenye nguvu. Wadogo walicheka kwa kujilinda, ndiyo maana shingo zao ziligeuka. Walimu walitabasamu kwa sababu ndoo ni mambo ya watoto. Mratibu aliyekaa kando ya projekta alisikia sauti moja tu, akadhani bwalo limeichukua filamu kama kichekesho, akakimbilia swali lake ili kurudisha uzito. Angekaa mahali anapoziona nyuso, nadhani asingeuliza vile.

Pia kila kundi lilikereka pale lilipoonyeshwa lenyewe. Mwalimu wa nidhamu alikaa kimya mtoto anapomwagiwa maji, akainuka mwalimu mwenzake anapozidisha viboko. Baba alikasirika kwa ajili ya sebule. Wakubwa walinyamaza kwenye beseni. Simlaumu mwalimu yule zaidi ya wengine. Alikuwa ukumbini na mamia ya vijana wanaohesabu kwa sauti makosa ya kazi yake, na hakuna aliyemwandaa. Walimu walitakiwa waione filamu kabla, peke yao, wapate nafasi ya kukasirika bila wanafunzi. Jambo hilo lingehitaji jioni moja tu, na halikufanyika.

Uamuzi wa kutozima filamu ulikuwa sahihi, na sababu aliyoitoa mratibu ndiyo hiyo hiyo. Filamu ambayo stelingi wake ni mbabe inamdai mtazamaji hadi dakika ya mwisho. Ukiikata katikati unabaki na sifa za ubabe.

Uamuzi wa kuukatisha mjadala wa mlango ulikuwa mbaya. Swali la "ungefungua?" lilikuwa limejitokeza lenyewe, lilimruhusu mtoto aliyeumizwa kuyasema yake akijifanya anamsemea mhusika, na lilimlazimu aliyeumiza asikilize sababu za mlango kubaki umefungwa. Swali la "nani ameonewa?" lilimtaka mtoto ajitaje mbele ya watu atakaolala nao chumba kimoja usiku ule. Hapa ndipo bwalo linapoachana na kibanda umiza. Mwanjelwa watu walipiga kelele wakatawanyika kila mtu kwake, lakini shuleni aliyepiga kelele na aliyepigiwa walikwenda bweni moja.

Karatasi zilifaulu kwa sababu mbili ambazo ni rahisi kuzisahau: kila mtu aliandika, na aliyezibeba alikataa kuzitoa hata kwa mkubwa wake. Kama angezitoa mara moja tu, boksi la chaki lisingejaa tena katika shule ile.

Watengenezaji wameniuliza kama tukio la ndoo likatwe katika nakala ya shule, kwa sababu ya yale ya "Rudia". Nimewajibu lisikatwe. Bila ndoo, beseni la nyumbani ni huruma tupu kwa kijana ambaye hatujaona anachowafanyia wengine. Nilichowaomba ni kidato cha kwanza na cha pili waione siku yao, walimu waione kabla ya wote, na baada ya filamu anayeongoza mjadala asiulize kitu mpaka watu wenyewe wamalize kugombania mlango. Wameyakubali mawili ya kwanza. La tatu bado tunabishana, kwa sababu shule nyingi zinataka saa ya kulala ijulikane.